Siku Mafuta ya Mniko Yaliposhuka

Filister Adoyo ni binti wa Ogutu mwana wa Nyakiti, wa Rusinga. Nyakiti ndiye aliyepiga kasia hadi ng'ambo mwaka nzige walipomaliza mtama wa kisiwa kizima, akarudi na mbegu, akagawa konzi moja kwa kila boma, hata boma la mtu ambaye walikuwa hawasalimiani. Ogutu, mwanawe, aliwafuata madaktari wa malale kule bonde la Lambwe, akawa anachoma watu vidole ili damu yao iangaliwe. Mbung'o walimuuma mpaka shingo ikawa kama ganda la nanasi, na watoto walimkimbia wakimwita Mchoma Vidole, lakini wengi aliowachoma walizeeka. Mama yake Filister, Miriam Agola, kabla kisiwa hakijaunganishwa na Mbita kwa barabara, alimvusha mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Mtoto akaja katikati ya maji, na Agola akakata kitovu huku mtumbwi ukijizungukia wenyewe. Kwa hiyo asiulize mtu Filister aliitoa wapi ile roho yake.

Mwenyewe aliingia hospitali ndogo ya misheni, nje kidogo ya mji wa Migori, mwaka sabini na moja, akiwa mwosha chupa. Mtawa mzee aliyesimamia maabara, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo, alimkuta siku moja amesimama na chupa ya damu mkononi, hajaiosha.

"Unaangalia nini?"

"Hii imekaa tofauti na hiyo nyingine, Sista. Haya maji ya juu yake."

Mtawa akavuta kiti akakaa. Shule ya Filister ilianza hapo. Baadaye alipelekwa kusoma mwaka mzima, akarudi na cheti, na mtawa alipostaafu akarudi kwao, funguo za maabara zilibaki kwenye mfuko wa Filister. Filister hakuwahi kukimbilia mashine. Damu ikishatolewa, aliisimamisha chupa kwenye kibao cha dirishani, akaiacha itulie mpaka wekundu uende chini na majimaji yabaki juu, kisha akayatazama hayo majimaji kama mtu anayemtazama mgeni mlangoni. Ndipo akapima.

Alhamisi ilikuwa siku ya mafuta. Kipimo cha mafuta ya damu, haya yanayoitwa kolesteroli, kilitaka dawa zenye harufu ya siki kali na asidi inayotoboa nguo, kwa hiyo kilifanywa mara moja kwa wiki, madirisha wazi, watu wote nje. Aliweka tone la majimaji ya damu, akaongeza dawa taratibu, na rangi ya kijani ikapanda. Mafuta yakiwa machache, kijani chepesi kama jani changa la kunde. Yakiwa mengi, kijani kizito cha majani ya sukuma wiki yaliyokomaa. Mashine ilikuja mwisho, kuipa hiyo rangi nambari yake.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mwaka tisini na nne, aliingia Mniko Maroa, Mkuria aliyehamia Ogwedhi kwa biashara ya ng'ombe. Mtu mkubwa, sauti imezoea kushindana na mnada. Alikuwa anajikuna mgongo kwa gunzi la mahindi, na macho yake yalikuwa ya manjano.

"Mama, ningekuwa ng'ombe," alisema akikaa, "ungesema huyu ana kupe, apelekwe josho."

"Kupe hawageuzi macho rangi," Filister akamjibu. "Leta mkono."

Alipomsogelea aliona kwenye pembe za kope zake vivimbe vidogo vya manjano, kama punje za mtama zilizobandikwa. Akauliza habari za choo. Mniko akatazama ukuta. Mkewe, Pauline Boke, ambaye watu humwita Mama Maroa kwa jina la kifungua mimba wake, hakuwa na aibu ya bure.

"Choo ni kama udongo mweupe wa kupaka nyumba," alisema. "Na mkojo ni chai ya rangi. Tangu mvua ya vuli. Tumetibu malaria mara tatu."

Damu ya Mniko ilipotulia dirishani, majimaji ya juu yalitokea manjano mazito, na ndani yake kulikuwa na ukungu, kama maji yaliyosuuzia kibuyu cha maziwa. Filister akatoka nje hadi kwenye benchi.

"Mama Maroa, mgonjwa amekula?"

"Hajala. Tabibu alituambia juzi asile, hajala."

"Hata kidogo?"

"Mimi nikiambiwa nasikia, mama. Huyu hajaona ugali tangu jana mchana."

"Na kunywa?"

Uso wa Boke ukang'aa. "Ah, kunywa amekunywa! Nimemyeyushia mafuta ya mkia wa kondoo kwa maziwa, kikombe kikubwa. Mtu atoke kwangu na tumbo tupu mpaka Migori, watu waseme ametoka nyumba gani?"

Benchi zima likaangua kicheko. Ajuza mmoja akasema, "Basi hajala. Amemeza kondoo tu."

Filister hakucheka. Hata Rusinga kwao kula ni ugali. Uji, maziwa, supu, hivyo ni vya kushikia roho, na mtu aliyekunywa vikombe vitatu vya uji ataapa hajatia kitu kinywani. "Kosa ni letu," alisema, akakaa kando ya Boke. "Tulisema asile tukafikiri tumemaliza. Hayo mafuta, unampa kila siku?"

"Kila siku. Wanawake wa Kimaasai pale sokoni ndio walinifundisha. Ya kurudisha nguvu."

"Kwa mtu mwingine, sawa. Huyu wako mfereji wake wa nyongo umeziba. Nyongo ndiyo sabuni ya mafuta tumboni. Bila sabuni, sufuria ya mafuta unaisugua na nini? Yanapita tu, ndiyo maana choo ni cheupe."

Boke akasema: "Kwa hiyo mimi namwagia mafuta mtu asiye na sabuni."

"Ulikuwa hujui. Sasa unajua. Alhamisi ijayo umlete asiwe amepitisha chochote kooni isipokuwa maji."

Alhamisi iliyofuata wakaja, Boke akimshika mumewe mkono kama askari aliyekamata mwizi, asije akachepuka kwenye kibanda cha chai. Safari hii majimaji ya damu hayakuwa na ukungu wowote. Mtu asiyejua angesema mafuta yamekwisha. Lakini kijani kilipanda mpaka kikakaribia weusi, na mashine ikasema mia nne na kumi, wakati mtu mzima mwenye afya hapaswi kupita mia mbili. Filister alikwishafundishwa hilo. Ini likizibiwa njia ya nyongo, mafuta ambayo lingeyatupa kwa njia hiyo hurudi kwenye damu, na mengine linatengeneza juu yake, na damu inaweza kuonekana safi huku imejaa.

Tabibu wa hospitali alikuwa kijana aitwaye Okemwa, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Alimweleza Mniko kwamba huenda kuna jiwe kwenye mfereji wa nyongo, na kwamba daktari wa upasuaji anaweza kumwona Homa Bay.

"Kisu?" Mniko akasema. "Kisu ni cha ng'ombe, daktari. Mimi ninauza ng'ombe, sijawa ng'ombe."

Wakavutana, na mwisho Okemwa akalegea. Aliona ampe mtu muda kuliko kumpoteza kabisa. Wakakubaliana hivi: Mniko aache mafuta, anywe dawa, apimwe kila mwezi. Mafuta yakipanda, ni Homa Bay bila maneno. Yakishuka, hakuna kisu. Filister alikuwa ndani na asidi zake. Hayo mapatano hakuyasikia.

Mwezi wa nne, mia tatu na arobaini. Mwezi wa tano, mia mbili na sitini. Boke alikuwa ameficha hata siagi. Mniko alipokuja mwezi wa sita, kilo zimemtoka na koti linamning'inia, mashine ikasema mia moja na hamsini.

Okemwa alitoka na ile karatasi akiipunga, na pale benchini pakawa na vigelegele. Boke alimshika tabibu mikono yote miwili. "Kuna kondoo dume nimemtenga," alisema. "Jumapili mje wote Ogwedhi. Hakuna kisu! Nilimwambia, baba, vumilia, hayo mafuta yatashuka!"

Kelele hizo zilimkuta Filister dirishani. Chupa ya Mniko ilikuwa imetulia, na majimaji yake yalikuwa yamefikia rangi ya asali ya porini, meusi kuliko miezi yote mitatu. Akatoka. Mniko alikuwa amekaa anatabasamu, anatetemeka kidogo, na pamba aliyombandika mkononi nusu saa iliyopita ilikuwa imelowa damu, na damu inashuka hadi kifundo.

"Baba Maroa, unasikia baridi?"

"Inakuja inaenda. Malaria ya Ogwedhi hiyo, imenizoea."

Filister akambadilishia pamba, akamwomba damu kidogo tena. Akaishika chupa ndani ya kiganja ipate joto la mwili, saa ya ukutani mbele yake, akawa anaiinamisha kila baada ya muda kuona kama imeganda. Damu ya mtu mzima huganda kabla dakika kumi hazijatimia. Ya Mniko ilipita kumi, ikapita kumi na tano. Dakika ya kumi na nane ilikuwa bado inatiririka kama maji ya mto.

Akaichukua ile chupa, akachukua karatasi zote za Mniko, akaingia chumba cha Okemwa akafunga mlango.

"Daktari, yule mtu asiende nyumbani."

"Mama Cliff," Okemwa akamwita kwa jina la mwanawe, "si umeona? Yameshuka mpaka chini ya mia mbili. Mashine imesema."

"Imesema mafuta yameshuka. Haijasema kwa nini." Akapanga karatasi mezani. "Angalia. Mafuta yanashuka, manjano yanapanda. Mfereji ungekuwa umezibuka, vyote viwili vingeshuka. Na hii damu haigandi."

"Ameacha mafuta ya kondoo miezi mitatu."

"Kuacha mkia wa kondoo hakuwezi kushusha hivyo. Mafuta ya damu mengi yanapikwa na ini lenyewe. Na vitu vya kugandisha damu, ni ini hilo hilo. Yote mawili yamepungua pamoja, manjano yamezidi, mtu anatetemeka. Nyongo imeoza mle ndani, daktari, na ini linazima."

Okemwa alikuwa amevaa koti jeupe lenye jina lake kifuani, na mama aliyesimama mbele yake aliingia hospitali hii kwa kuosha chupa. Masikio yakamwiva. "Nilimwahidi," alisema taratibu. "Nilimwambia yakishuka hakuna kisu."

"Ulimwahidi hivyo?"

"Mbele ya mkewe."

Filister akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Angeweza kumwaibisha, na hadithi ingefika mji wa Awendo kabla ya chakula cha mchana. "Basi twende wote," alisema. "Wewe umweleze, mimi nikusaidie. Ahadi iliyotolewa bila kujua si uongo, ila ukiiacha hivyo baada ya kujua."

Walipomwambia, Mniko aliacha kutabasamu. "Mmeniambia yashuke. Yameshuka. Sasa mnasema kushuka ndiko kubaya. Kesho mtasema nini?"

Okemwa akaanza na maneno ya kitabu, na Mniko akageuza uso. Filister akavuta kigoda.

"Baba Maroa, umepita Awendo msimu wa miwa?"

"Nani hajapita Awendo?"

"Chukua kiwanda chochote cha miwa. Bomba la kutolea juisi likiziba, juisi inafanya nini?"

"Inamwagika uani."

"Hiyo ilikuwa mia nne na kumi yako. Juisi imefurika uani. Sasa leo umeamka, uani pakavu. Utafurahi?"

Mniko akafikiri. "Labda bomba limezibuka."

"Ungeona juisi inatoka mbele. Choo chako kimerudi rangi yake?"

"Bado cheupe," Boke akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi bomba bado limeziba, na uani pakavu. Kumetokea nini?"

Mniko alitazama mikono yake. "Kiwanda kimesimama," alisema.

"Kinasimama. Hatujui kama kimesimama kabisa, na hilo tunaweza kulijua." Akamweleza kwamba kuna vitamini ambayo ini hutumia kugandisha damu, na tumbo lisilo na nyongo haliwezi kuinyonya. Watamchoma sindano ya hiyo vitamini siku tatu, pamoja na dawa kali ya kuua vijidudu vinavyomtetemesha. Damu ikiganda vizuri baada ya hapo, maana yake ini lilikuwa na njaa tu ya kifaa cha kazi, bado ni zima, na daktari wa Homa Bay anaweza kupasua. Isipoganda, hakuna daktari atakayethubutu.

"Na isipoganda?" Boke akauliza.

"Tutakuwa tumechelewa, Mama Maroa."

Mniko akalazwa. Alhamisi sindano, Ijumaa sindano, Jumamosi sindano. Filister ni Msabato, na Jumamosi hajawahi kuingia maabara hata wakati wa kipindupindu, lakini Jumapili jua likichomoza alikuwa tayari kando ya kitanda. Okemwa naye alikuja, siku yake ya mapumziko. Damu ikatolewa. Filister akaifunga chupa kiganjani.

Dakika tano, inatiririka. Sita, inatiririka. Boke alikuwa anahesabu kwa Kikuria chini ya pumzi. Saba, ikavuta kidogo, kama uji unaoanza kushika. Mniko aliuliza, "Inasemaje?" Dakika ya tisa Filister akaipindua chupa kichwa chini, na damu ikabaki juu pale pale, haikudondoka hata tone.

"Kiwanda hakijasimama," alisema.

Mniko akafumba macho. "Niandikieni hiyo barua ya Homa Bay," akasema, "kabla sijabadilisha nia. Lakini huyo daktari aambiwe mimi si ng'ombe."

Jumatatu asubuhi gari la misheni likampeleka, Okemwa akiwa mbele na barua yake ya mwandiko mzuri, na ndani ya barua hiyo ukurasa mmoja wa Filister: nambari nne za mafuta, rangi ya majimaji kila mwezi, na dakika za kuganda kabla ya sindano na baada. Daktari wa upasuaji alisoma ule ukurasa mara mbili, akauliza nani ameandika, Okemwa akasema, "Mwalimu wangu." Jioni hiyo hiyo Mniko akapasuliwa. Walitoa jiwe la ukubwa wa njugu, na nyuma yake nyongo nyeusi iliyochanganyika na usaha. Angeenda nyumbani kula kondoo Jumapili ile, Mniko asingefika Jumapili nyingine.

Alirudi kupimwa mwezi wa kumi, manjano yamemtoka, vivimbe vya kope vimeanza kutoweka, gunzi ameliacha nyumbani. Filister akasimamisha chupa dirishani, majimaji yakawa ya rangi ya majani makavu, kama ya watu wote. Mashine ikasema mia moja themanini na tano.

Mniko akaruka kwenye benchi. "Yamepanda! Mwezi wa sita yalikuwa mia moja na hamsini. Kwisha mimi!"

Filister alicheka mpaka akashika ukuta. "Kaa chini, baba. Huko kupanda ni kwa mtu anayepona. Ini limerudi jikoni, linapika kwa kipimo chake."

"Nyinyi watu wa damu," Mniko akasema, "mtaniua kwa moyo kabla ya ini."

Boke alikuwa amekuja na kondoo amefungwa kamba, amemwacha kivulini langoni. Akamwambia Filister kwamba huyo ni wake, na asimjibu kwamba sheria za hospitali hazikubali.

"Kondoo sikatai, nina wana watatu," Filister alisema. "Lakini keti kwanza. Kule Ogwedhi, umeona mwingine mwenye macho kama aliyokuwa nayo mzee?"

Boke akasita. "Kuna mama mmoja anauza ngozi, upande wa Wamaasai. Anajikuna usiku na mchana. Wanawake wanamchangia mikia ya kondoo." Akainamisha kichwa. "Mimi pia nimepeleka mmoja, mwezi wa kwanza. Kabla sijajua."

"Basi utamleta wewe, Alhamisi ijayo."

"Mimi? Nitasimamaje mbele yao? Si mimi ndiye niliyekuwa nawasifia hayo mafuta soko zima!"

"Ndiyo sababu. Mimi nikifika pale ni mgeni na koti langu, watanipa kiti na hawatanisikia. Wewe watakusikia, kwa sababu ulimpa mumeo na umeona. Utamwuliza choo chake kina rangi gani, hutaona haya. Usiku wa kuamkia Alhamisi utalala kwake, na asubuhi ukimwona na kikombe chochote cha maziwa au uji, ukimwage. Maji tu. Na huyo akishapita, utamtafuta mwingine, kila siku ya mnada utembee ukitazama watu macho."

Boke alikaa akivuta uzi wa leso yake.

"Na wakinikasirikia?"

"Watakukasirikia," Filister alisema, akasimama, kwa kuwa kulikuwa na watu wengine saba benchini. "Mje mapema. Nitawasubiri."